Punguza Nafasi Tatu

Waraka wa kubana matumizi ulifika shuleni ukiwa na karatasi mbili, na jambo hilo peke yake lilitosha kumpandisha Karani mori. Karatasi ya kwanza ilikuwa imejaa maagizo kutoka juu hadi chini. Ya pili haikuwa na kitu ila saini ya Afisa Elimu, jina lake na cheo chake, mistari mitatu imekaa juu kabisa, na chini yake weupe mtupu.

"Karatasi nzima kwa ajili ya saini!" akamwambia Mwalimu Mkuu. "Halafu agizo la tatu linasema barua zote ziishie karatasi moja. Hawa wanabana matumizi ya nani?"

"Ya kwetu," Mwalimu Mkuu akajibu, na akakaa.

Serikali ilikuwa imepunguza ruzuku ya shule, na wilaya nzima ilikuwa inajikuna kichwa. Hapo shuleni walikwisha kuanza kujifunga kibwebwe hata kabla ya waraka. Vipande vya chaki vilivyokuwa vifupi kiasi cha kutoshikika vilibanwa na vibanio vya nguo, wakapata siku mbili zaidi kwa kila kipande. Maswali ya mtihani hayakuchapwa tena, yalisomwa kwa sauti, na Mwalimu wa Sayansi, aliyekuwa na kigugumizi, akajikuta anawapa wanafunzi wake muda mrefu wa kufikiri kuliko mwalimu mwingine yeyote. Walimu wanane walitumia kalamu nyekundu mbili. Kompyuta ya ofisini ilizimwa kuokoa umeme, na taipureta ya zamani ikatolewa stoo, ikapanguswa vumbi, ikarudishwa kazini kama mstaafu aliyeitwa tena. Karani hakulalamika. Alikuwa amejifunzia kazi kwenye mashine ya aina hiyo, na kelele zake zilimpa heshima. Mtu akipita dirishani alijua humo ndani kuna kazi inafanyika. Tangu siku hiyo watoto wakamwita Mama Taipu.

"Soma la saba," alisema Mwalimu Mkuu.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwoga wa ugomvi kuliko paka anavyoogopa maji. Alipomwambia Karani asome, yeye mwenyewe aligeuza uso akaangalia kalenda ukutani.

Karani akasoma: "Shule na ofisi zote zihakikishe kuwa wafanyakazi wasio walimu hawafanyi kazi za saa za ziada. Punguza nafasi tatu." Chini yake kulikuwa na mstari wa mwisho: "Majibu yafike ofisini kwangu kabla ya Jumanne."

Akarudia kusoma, safari hii kimoyomoyo.

"Nafasi tatu za wasio walimu," Mwalimu Mkuu aliiambia kalenda. "Nao tunao watano. Mpishi hatoki, watoto watakula nini? Wewe hutoki, mimi sijui kuchapa hata jina langu. Waliobaki ni watatu. Mlinzi, Mkutubi, na... Sikuwachagua mimi, mama. Wamejichagua wenyewe."

"Na Fundi," Karani akamalizia.

"Na Fundi."

Fundi alikuwa mume wake. Miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza madawati, milango, madirisha na mapaa ya shule ile, na hakuna mtoto aliyewahi kukaa chini.

Mwalimu Mkuu akamsogezea rasimu ya jibu aliyokwisha kuiandika kwa mkono. Kama mabosi wote, alikuwa na mazoea ya kumwandikia mchapaji maelekezo pembeni mwa rasimu: hapa pigia mstari, hapa anza aya mpya. Pembeni mwa orodha alikuwa ameandika: majina kwa herufi kubwa.

Karani akaipeleka mezani kwake, akaingiza karatasi kwenye mashine. Wachapaji wana sheria moja ambayo hufundishwa siku ya kwanza: mchapaji hasomi, anachapa. Ukianza kusoma maana, vidole vinapotea njia. Karani alikuwa ameishika sheria hiyo miaka yote. Alikwisha kuchapa barua za adhabu, za misiba, za uhamisho, bila hata moja kumwingia moyoni kabla hajaitoa kwenye mashine. Akachapa jina la Mlinzi. Akachapa jina la Mkutubi. Alipofika la tatu akalisoma. Ni jina alilolitamka mbele ya watu wote siku ya harusi yake, na sasa alikuwa analipiga kwa herufi kubwa, moja moja, kwa kidole chake mwenyewe. Akakosea. Ikabidi arudie kwenye karatasi nyingine, na hakumwambia mtu.

Mwalimu Mkuu alipoiona barua hakuisaini. Aliiweka kwenye droo.

"Mpaka Jumanne," alisema. "Leo bado ni Alhamisi."

*

Karani na mumewe walirudi nyumbani kwa miguu kama kila siku, saa kumi na nusu jua likiwa bado kali, na Karani alimweleza njiani kwa sababu hakutaka kumweleza mbele ya mama mkwe wake.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa utani. Alikuwa anatania hata na misumari.

"Basi nitakaa nyumbani," alisema. "Nitapika. Wewe utarudi jioni unakuta chakula mezani, unanuna kwamba chumvi imezidi, nami nalia jikoni. Tubadilishane kidogo."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Naomba kazi. Nafasi ya mke ipo?"

Karani akacheka, akaona vibaya kwamba amecheka. Fundi alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi njia nzima, wimbo mmoja tu ambao alikuwa hajui mwisho wake, kwa hiyo aliuanza upya kila alipofika katikati. Siku hiyo hakuupiga, na ukimya ule ulimuuma mkewe kuliko maneno yoyote ambayo angeyasema.

Ijumaa habari ilikuwa imeenea shule nzima, maana siri ya ofisi haikai zaidi ya mapumziko ya chai. Walimu walimsalimia Fundi kwa sauti ya chini na mikono miwili kana kwamba amefiwa. Mpishi akamwekea maharage mara mbili. Saa nne Mwalimu wa Hisabati aliingia karakana ya Fundi na futi ya kupimia, akaanza kupima ukuta.

"Samahani, Fundi. Nimeambiwa... yaani, pakiwa wazi, tutaweka vitabu hapa. Napima tu."

Fundi alimtazama akipima. Futi yenyewe ilikuwa ya kitambaa, ya mshonaji, imelegea katikati.

"Hiyo yako inadanganya, Mwalimu," alisema. "Chukua yangu ya chuma. Shika hapo, mimi nashika huku."

Wakapima pamoja. Mwalimu wa Hisabati akaandika vipimo, akashukuru, akatoka haraka, na nusu saa baadaye alikwenda mwenyewe kwa Karani kumwomba radhi. Karani alimwambia hakuna neno. Lakini neno lilikuwapo, na alilimeza pamoja na chai.

*

Jumamosi asubuhi walikaa barazani kuchambua maharage: Karani, mama mkwe wake, na binti yao wa darasa la saba. Fundi alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza banda la kuku ambalo halikuwa limeharibika.

Mama mkwe hakupata kwenda shule zaidi ya miaka miwili, lakini alikuwa na masikio ya kumsikia mtu akisema uongo nyumba ya pili. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari, na tangu aambiwe alikuwa na jambo moja tu kichwani.

"Nataka kuisikia hiyo barua yenyewe," alisema. "Mwanangu anafukuzwa kazi na karatasi, nami sijaisikia karatasi inasema nini."

"Mama, itakuumiza bure," alisema Karani.

"Mimi nimezaa watoto sita. Karatasi itaniumiza wapi?"

Karani alikuwa na nakala mkobani. Akampa binti, na binti akasimama, akakohoa kama mtangazaji wa redio, akasoma.

"Moja. Shule zizime taa zote wakati wa mchana. Mbili. Shule zisinunue samani mpya; zilizopo zitengenezwe."

"Zitengenezwe na nani, wakati fundi wanamfukuza?" akauliza bibi.

"Sijafika huko, Bibi. Tatu. Barua zote ziishie karatasi moja."

Akaendelea. Bibi alisikiliza huku vidole vyake vikitupa vijiwe pembeni bila kuviangalia. Agizo la nne, la tano, la sita. Binti alipofika la saba akapunguza mwendo.

"Shule na ofisi zote zihakikishe kuwa wafanyakazi wasio walimu hawafanyi kazi za saa za ziada. Punguza nafasi tatu."

Bibi akainua mkono. "Hapo. Huyo anamwamrisha nani?"

"Shule, Bibi."

"Hapana. Mwanzo wote alikuwa anasema na shule. Shule zizime, shule zisinunue, shule zihakikishe. Mtu mwenye adabu zake, anasema na watu wengi. Sasa ghafla 'punguza'! Amemgeukia nani? Kuna mtu kaingia chumbani?"

Binti akacheka. "Kweli, ingekuwa 'zipunguze'. Mwalimu wa Kiswahili angemkata alama."

Karani alikuwa ameshika gao la maharage. Akaacha kuchambua. Akalisikia lile neno upya, si kwa sauti ya binti yake bali kwa sauti ya bosi anayemwambia mtu mmoja aliyeketi mbele ya mashine. Akampokonya binti karatasi zote mbili, akaingia ndani mbio, akatoka na rula, maharage yamemwagika baraza nzima na wala hakuyaona.

"Baba Binti!" akaita. "Baba Binti, njoo hapa! Acha hao kuku!"

Fundi akaja na nyundo mkononi. Karani alikuwa amepiga magoti sakafuni, karatasi mbili zimelala sambamba mbele yake.

"Hapa juu," alisema akihema, "kati ya anwani na kichwa cha habari. Angalia ameacha mistari mingapi mitupu. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Mmoja ndio unaotakiwa. Sasa saini iliyokwenda karatasi ya pili, ina mistari mingapi?"

"Mitatu," alisema Fundi.

"Ukitoa mitatu juu?"

Fundi alikuwa mtu wa vipimo. Alichukua rula mwenyewe, akapima weupe wa juu, akapima saini, akapima tena. "Inaingia," alisema. "Inaingia barabara."

"Nafasi ni hizi!" Karani akapiga kidole kwenye weupe. "Bosi aliona barua inataka kuzidi karatasi, akamwandikia mchapaji wake kwenye rasimu: punguza nafasi tatu. Na mchapaji akalichapa! Si agizo la shule. Ni agizo la mashine!"

Fundi aliangalia ule weupe kwa muda.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo nafasi yangu?" aliuliza. "Hiyo hapo, tupu?"

"Hiyo, na ya Mlinzi, na ya Mkutubi."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka. Akamshika mkewe bega, akasema taratibu kwamba asiende kumwambia mtu. Kama amekosea, watamcheka wilaya nzima. Na kama hakukosea, mkubwa haambiwi na karani wa shule kwamba ametia saini upuuzi. "Watakuondoa na wewe. Sasa hivi tuna mshahara mmoja. Tusiucheze."

Alikuwa anasema kweli, na Karani alilijua hilo. Aliogopa siku nzima ya Jumamosi na siku nzima ya Jumapili. Jumatatu asubuhi akavaa nguo yake ya mikutano.

*

Mwalimu Mkuu alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Alipima weupe kwa rula yake mwenyewe. Kisha akaenda dirishani akampa Karani mgongo.

"Mimi sijakutuma wilayani," alisema.

"Hujanituma, Mwalimu."

"Wala sijakuona ukitoka."

"Nakuaga basi."

"Siwezi kukuaga, sikuoni. Nenda salama."

Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa na ujia mrefu, na agizo la kwanza lilitekelezwa humo kwa bidii: si taa kuzimwa tu, balbu zenyewe zilikuwa zimefunguliwa. Watu walipita wakipapasa ukuta. Mhudumu mmoja alimkalisha Karani kwenye benchi, akamwangalia viatu, akamwuliza ametoka wapi na ana miadi na nani.

"Nataka kumwona Afisa Elimu."

"Afisa hana nafasi."

"Ndiyo hiyo hiyo niliyoijia," alisema Karani.

Mhudumu hakuelewa, akaenda zake. Saa nzima ikapita. Walimu wenye mafaili walipita mbele yake bila kumsalimia, na mmoja alimkanyaga kwa sababu ya giza. Karani alikuwa karibu kukata tamaa aliposikia, nyuma ya mlango wa pili, sauti aliyoijua: taipureta. Ilikuwa inakwenda polepole, tak, tak, tak, kila herufi peke yake. Akasimama akaingia bila kubisha.

Mzee mmoja aliyevaa tai alikuwa ameinamia mashine, pua yake karibu iguse karatasi, anachapa kwa kidole kimoja. Karani alikuja mezani, akaangalia kilichochapwa, akaona herufi "e" imeruka juu ya mstari kila mahali ilipo.

"Ni wewe!" alisema. "Wewe ndiye wa 'e' inayoruka! Miaka kumi na moja nazisoma barua zako!"

Mzee akainua uso. "Na wewe?"

"Mchapaji wa shule ile ya bondeni."

"Ah!" Mzee akasimama akampa mikono yote miwili. "Wewe ndiye unayeacha nafasi moja baada ya nukta! Nimekusema sana. Mchapaji safi kabisa, nasema kila siku, lakini kwa nini nafasi moja? Zinatakiwa mbili! Mimi nilidhani ni kijana."

"Nami nilidhani wewe ni msichana."

Wakacheka. Ofisi nzima ilimwita Kidole, akaeleza, na hakuona ubaya. Kisha Karani akamwonyesha agizo la saba, na akamweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kifungo cha shati kimefunguka. Mzee Kidole hakubisha. Akafungua kabati, akatoa faili, akatoa rasimu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Maandishi ya Afisa yalikuwa yamesongamana, na pale chini, mkabala na mwisho wa agizo la saba, bila mstari wala duara wala nafasi ya kuingiza sindano, kulikuwa kumeandikwa: punguza nafasi tatu.

Mzee akakaa kitini polepole.

"Mimi sisomi," alisema. "Miaka thelathini na mmoja. Nachapa ninachokiona. Na siku ile walikuwa wamekuja kuchukua balbu." Akavua miwani akaifuta kwa tai. "Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, mwanangu. Shule ngapi zimejibu?"

"Sijui. Yetu bado."

"Watu watatu kila shule," alisema mzee. "Mimi, kwa kidole hiki."

Karani alikuwa amekuja kumwokoa mumewe. Hakuwa na mpango wa kumzamisha mtu mwingine. Alisimama hapo akiwa na huruma na hofu kwa pamoja. Kisha akamshika mzee mkono.

"Twende wote," alisema. "Chukua rasimu. Na usiseme neno mpaka yeye mwenyewe aone saini yake imekaa wapi."

*

Afisa Elimu alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa vikao. Wiki nzima alikuwa ameitwa huku na huku kuulizwa ataokoa nini, na mezani kwake kulikuwa na rundo la bahasha kumi na saba ambazo hakuwa amezifungua. Karani alimsalimia kwa heshima zote, akamwomba afungue moja tu. Akafungua. Akasoma. Akafungua ya pili, na ya tatu.

"Hawa wana nini?" alisema. "Kila shule inaniletea majina ya watu wa kufukuza! Nani kawaambia?"

"Wewe, Bosi," alisema Karani. "Agizo la saba."

Afisa akachukua waraka, akasoma agizo la saba, akaonekana kama mtu aliyekuta ndevu usoni ambazo hakuziacha. Mzee Kidole, akitetemeka, akaiweka rasimu pembeni yake. Afisa akaangalia mwandiko wake. Akaangalia karatasi ya kwanza, kisha ya pili, mle ambamo hamkuwa na kitu ila yeye mwenyewe.

"Nimekosea mimi, Bosi," alisema mzee. "Nilichapa bila kusoma."

Afisa aliiweka rasimu juu ya waraka. "Na mimi nilisaini bila kusoma," alisema mwishowe. "Nimesaini karatasi tupu."

Karani alishusha pumzi. Lakini aliishusha mapema. Afisa alikuwa bado ameshika zile barua tatu, na sasa akaanza kuzipanga vizuri, kingo kwa kingo, na macho yake yakaanza kupiga hesabu.

"Ingawa..." alisema. "Kumi na saba hizi, mara tatu. Na nyingine zinakuja. Huko juu kila siku wananiuliza nimeokoa nini. Walimu wakuu wamekwisha kukubali wenyewe, majina yapo, hakuna aliyelalamika. Pengine ni bahati. Pengine tuache hivi hivi."

Damu ilimpanda Karani kichwani. Aliona mbele yake miaka kumi na minne ya mume wake inakwenda na maji, si kwa kosa tena, bali kwa sababu kosa limeonekana kuwa na faida. Alitaka kupiga kelele. Badala yake akaita adabu zake zote, akauliza kwa upole:

"Basi, Bosi, na hapa watatoka nani?"

"Hapa wapi?"

"Hapa ofisini. Agizo linasema shule na ofisi zote. Hapa wasio walimu mko wangapi?"

Afisa akafungua mdomo. Mzee Kidole akamjibia, akihesabu kwa kile kidole chake.

"Mimi. Mhudumu. Dereva."

"Watatu," alisema Karani. "Barabara kabisa. Mlango utajifungulia mwenyewe. Barua utazichapa mwenyewe. Gari je, unaendesha?"

"Hana leseni," alisema Mzee Kidole.

"Sina leseni," alikiri Afisa.

Akaangalia mlango, akamwangalia mzee, akaangalia nje ambako dereva alikuwa amelala garini mdomo wazi. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Akacheka mpaka akatoa kitambaa akafuta machozi, na Mzee Kidole, aliyekuwa hajui kama anaruhusiwa, akacheka pia kwa woga.

"Chapa," alisema Afisa. "Marekebisho ya waraka. Agizo la saba: maneno matatu ya mwisho yafutwe. Na karatasi moja, tafadhali! Mzee, wewe keti, mikono inakutetemeka. Achape huyu. Na balbu ya chumba chake irudishwe leo."

Karani akaketi kwenye mashine ya "e" inayoruka. Aliisoma kila herufi aliyoichapa, na hakukosea hata moja. Baada ya kila nukta akaacha nafasi mbili, kumfurahisha mzee. Zilitoka nakala kwa shule zote, na ya kwanza aliichukua mkononi.

*

Mwalimu Mkuu aliisoma mlangoni, akaingia ofisini karibu akikimbia, akatoa ile barua kwenye droo, akaigeuza upande wa pili ambao ulikuwa mweupe, akaanza kuandikia ratiba ya mitihani. "Tusipoteze karatasi," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu mpole wala mwoga, ilikuwa ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha akatoka kumtafuta Mlinzi na Mkutubi mwenyewe, kwa miguu yake.

Karani alikwenda karakanani. Fundi alikuwa amepanga vifaa vya shule juu ya meza kwa safu, misumeno, randa, patasi, kila kimoja kimepakwa mafuta, tayari kwa kukabidhi. Vyake mwenyewe alikuwa amevifunga kwenye mfuko. Alipomwona mkewe aliweka mfuko chini. Alijifuta mikono kwenye suruali akasubiri.

Karani akampa karatasi. Akaisoma polepole, midomo inacheza. Akairudia. Mwishowe akaketi kwenye dawati dogo la darasa la kwanza, magoti yakamfika kidevuni, akalia. Mtu huyu aliyetania siku nne mfululizo, aliyemshikia Mwalimu wa Hisabati futi ya kupimia nafasi yake mwenyewe, alilia waziwazi, na Karani akapiga magoti akamkumbatia, naye akalia, kwa furaha na kwa hasira ya kwamba mtu anaweza kuumizwa hivyo na maneno matatu.

"Kwa hiyo," Fundi akauliza, akijifuta pua, "kesho nije?"

"Uje."

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa uje."

"Alhamisi je?"

"Uje, mume wangu."

"Ijumaa?"

"Ijumaa pia."

Akafikiri kidogo. "Jumamosi?"

"Jumamosi shule imefungwa."

"Basi nitakuja tu," alisema Fundi, "nikae nje."